Dawa za Kuzuia Kutapika kwa Watoto: Lini Zinafaa na Lini Zinadhuru

Kutapika ni miongoni mwa sababu zinazowafikisha watoto wengi katika zahanati, vituo vya afya na maduka ya dawa. Mzazi anayemwona mwanawe akirudisha kila anachomeza huingiwa na hofu, na mara nyingi ombi lake huwa moja: mtoto apewe dawa ya kukata matapishi. Mhudumu wa afya naye hutamani kuyatimiza matakwa ya mzazi na kumpunguzia mtoto mateso. Hapo ndipo kidonge au sindano hutolewa kabla ya kuulizwa swali lililo muhimu zaidi: mtoto huyu anatapika kwa sababu gani?

Somo hili linaeleza nafasi ya dawa za kuzuia kutapika katika matibabu ya watoto. Jambo kuu la kushikwa ni kwamba kwa mtoto anayeharisha na kutapika, kinachohatarisha maisha ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Kwa hiyo tiba ya msingi ni kurudisha maji hayo. Dawa ya kuzuia kutapika ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni finyu. Ikitolewa kwa mtoto asiyestahili au kwa kipimo kisicho sahihi, huweza kuleta madhara makubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kutapika ni dalili

Katika shina la ubongo kuna kituo kinachoratibu kutapika. Kituo hicho hupokea taarifa kutoka tumboni na kwenye utumbo, kutoka sikio la ndani linalosimamia mizani ya mwili, na kutoka sehemu ya ubongo inayopima sumu na dawa zilizomo katika damu. Taarifa hizo husafirishwa kwa kemikali mbalimbali, zikiwemo serotonini, dopamini na histamini. Kila kundi la dawa za kuzuia kutapika huziba njia ya kemikali mojawapo. Ndiyo maana dawa inayomfaa msafiri anayechafukwa na moyo ndani ya boti huenda isimsaidie mtoto mwenye maambukizi ya utumbo.

Kwa watoto wadogo, sababu ya kawaida ya kutapika ni maambukizi ya utumbo, hasa yale ya virusi. Hata hivyo, mtoto hutapika pia kwa sababu ya malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya uti wa mgongo, kisukari kilichopanda, sumu, jeraha la kichwa au kuziba kwa utumbo. Dawa inayonyamazisha kutapika bila sababu kutafutwa huweza kuficha ugonjwa wakati unaendelea kukua.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kufikiria dawa yoyote, zitafutwe dalili za hatari. Mtoto apelekwe kituoni mara moja, au apewe rufaa, iwapo ana mojawapo ya hizi:

– hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu anachopewa;
– amepata degedege, amelegea mno, au amepoteza fahamu;
– anatapika damu au matapishi ya rangi ya kijani;
– tumbo limevimba, limekakamaa au linauma sana, au kinyesi kina damu;
– shingo imekakamaa, utosi umevimba, au ana maumivu makali ya kichwa;
– ameanguka na kugonga kichwa, au inadhaniwa amekunywa sumu, dawa au mafuta ya taa;
– hakojoi, macho yamezama, na ngozi ya tumbo ikifinywa inachelewa kurudi;
– ni mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili.

Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga yachukuliwe kuwa ni utumbo ulioziba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtoto huyo anahitaji daktari wa upasuaji. Mtoto wa wiki chache anayetapika kwa nguvu kila baada ya kunyonya, kisha akataka kunyonya tena, huenda njia inayotoka tumboni kwenda kwenye utumbo imebana. Naye aliyekunywa mafuta ya taa asilazimishwe kutapika, kwa kuwa mafuta hayo huweza kuingia mapafuni.

Maji kwanza

Wazazi wengi huacha kumpa mtoto ORS baada ya kuiona ikirudi. Wengine husema tumbo lake limekataa. Kwa kawaida tatizo ni namna ya kunywesha. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe kizima hukinywa kwa pupa, tumbo hutanuka ghafla, na vyote hurudi. Akipewa kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika 1 hadi 2, sehemu kubwa hubaki tumboni.

Hesabu ifuatayo inaonyesha nguvu ya kijiko. Mtoto mwenye upungufu wa maji wa kiasi huhitaji mililita 75 za ORS kwa kila kilo ya uzito, zitolewe ndani ya saa 4. Mtoto wa kilo 10 atahitaji mililita 750. Kijiko cha mililita 5 kila dakika 2 humpatia mililita 600 katika saa hizo 4, na kijiko kila dakika humpatia mililita 1200. Hivyo, mama mwenye kikombe, kijiko na subira huweza kufanya kazi ambayo wengi hudhani inahitaji dripu.

Mtoto akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aanze tena polepole zaidi, kijiko kimoja kila dakika 2 hadi 3. Maziwa ya mama yaendelee bila kukatizwa. ORS ichanganywe kwa maji safi na salama kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na itakayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Mtoto anayeharisha apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa aliyetimiza miezi 6, na miligramu 10 kwa aliye chini ya umri huo. Mara nyingi kutapika hupungua kwenyewe kadiri maji yanavyorudi mwilini.

Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa maji anahitaji dripu bila kuchelewa, na mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake maalumu wa kurudishiwa maji. Hawa wawili watibiwe kituoni na si nyumbani.

Metoklopramidi: dawa iliyozoeleka, hatari isiyozoeleka

Metoklopramidi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Plasil, huzuia kutapika kwa kuziba njia za dopamini. Tatizo ni kwamba dawa hii hupenya mpaka ndani ya ubongo, ambako dopamini ina kazi nyingine ya kuratibu mijongeo ya misuli. Watoto na vijana huathirika kwa urahisi kuliko watu wazima. Anayeathirika hupatwa na mkazo wa ghafla wa misuli: shingo hupinda upande mmoja, macho hugeukia juu na kuganda, ulimi hutoka nje au mdomo hushindwa kufunguka, mgongo hujikunja kama upinde. Mara nyingi hali hii hutokea ndani ya siku 1 hadi 2 tangu dawa ilipoanza kutumika, na huweza kutokea hata baada ya dozi moja.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki, hali hiyo ni rahisi kueleweka vibaya. Nyumbani huenda ikaitwa degedege au mashetani, na mtoto akapelekwa kwa mganga. Kituoni huenda ikadhaniwa kuwa malaria iliyopanda kichwani, pepopunda au homa ya uti wa mgongo, hasa ikiwa mtoto alikuja na homa. Mambo mawili husaidia kutofautisha. Kwanza, mtoto mwenye mkazo huu huwa na fahamu zake: anasikia, anamtambua mama yake, na huogopa. Pili, kuna historia ya dawa. Swali la “amepewa dawa gani tangu juzi?” lisikosekane kwa mtoto yeyote aliyepinda shingo au kugeuza macho. Hata hivyo, historia ya dawa haimwondolei mhudumu wajibu wa kupima malaria na sukari na kuchunguza dalili za maambukizi ya ubongo.

Matibabu yake ni kuacha dawa, kuhakikisha njia ya hewa iko wazi, na kumpa mtoto dawa ya kulegeza mkazo huo, kama vile biperideni, au diazepamu kwa uangalizi pale ambapo ile ya kwanza haipatikani. Wengi hupata nafuu upesi baada ya dawa, lakini mkazo huweza kurudi, hivyo mtoto asiruhusiwe haraka. Jina la dawa iliyomdhuru liandikwe kwenye kadi yake, na mzazi alifahamu.

Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilizuia metoklopramidi isitumike kwa watoto wa chini ya mwaka 1. Kwa wale wa mwaka 1 hadi 18, liliiacha iwe chaguo la pili tu, katika kuzuia kutapika kunakochelewa kutokea baada ya dawa za saratani na katika kutibu kutapika baada ya upasuaji, kwa muda usiozidi siku 5. Kutapika kwa sababu ya maambukizi ya utumbo hakumo katika orodha hiyo.

Pale daktari anapoona lazima kuitumia, kipimo ni miligramu 0.1 hadi 0.15 kwa kila kilo, hadi mara 3 kwa siku, dozi na dozi zikipishana kwa saa 6 au zaidi, na jumla ya siku isizidi miligramu 0.5 kwa kila kilo. Sindano ya mshipa isukumwe polepole, kwa dakika 3 au zaidi. Hatari ya kukisia inaonekana katika mtoto wa kilo 10. Dozi yake ni miligramu 1 hadi 1.5. Kidonge cha kawaida cha mtu mzima kina miligramu 10. Nusu ya kidonge ni miligramu 5, yaani kiwango cha juu cha siku nzima kimemezwa kwa mara moja. Hata robo ya kidonge, miligramu 2.5, inapita kipimo. Kwa ampuli yenye miligramu 10 katika mililita 2, dozi ya miligramu 1 ni mililita 0.2 tu, kosa dogo la kuvuta dawa humpa mtoto mara kadhaa ya anachostahili.

Prometazini na domperidoni

Prometazini, ijulikanayo pia kwa jina la Phenergan, huziba njia za histamini na huleta usingizi. Usingizi huo ndio uliowafanya baadhi ya wazazi waipende, kwa kuwa mtoto hutulia. Lakini utulivu huo si nafuu. Mtoto aliyelala hanywi ORS, na dalili za kuzorota kwake hazionekani upesi. Isitoshe, dawa hii huweza kudhoofisha upumuaji wa mtoto mdogo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwamba isitumike kabisa kwa watoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu ya vifo vilivyotokana na kushindwa kupumua. Wazazi wakumbuke kwamba prometazini humo pia katika baadhi ya dawa za maji za kikohozi na mafua. Lebo isomwe kabla ya chupa kufunguliwa.

Domperidoni haipenyi sana ubongoni, hivyo huleta mkazo wa misuli kwa nadra zaidi. Hatari yake iko kwenye moyo, kwa kuwa huweza kuvuruga mapigo. Mwishoni mwa mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliondoa idhini ya kuitumia kwa watoto wa chini ya miaka 12 au wenye uzito wa chini ya kilo 35, baada ya kuonekana kwamba haikuwanufaisha watoto hao katika kutibu kichefuchefu na kutapika.

Ondansetroni: dozi moja, mahali pake

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 kuhusu tiba ya kuhara ulikataza dawa za kuzuia kutapika kwa watoto wenye kuhara, kwa hoja kwamba dawa kama proklorperazini na klorpromazini huleta usingizi unaozuia mtoto kunywa maji. Ondansetroni haimo katika kundi hilo. Huziba njia za serotonini, haileti usingizi mkubwa, na ni nadra kusababisha mkazo wa misuli.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanyika Chicago kwa watoto 215 wa umri wa miezi 6 hadi miaka 10 waliokuwa na maambukizi ya utumbo na upungufu wa maji. Waliopewa dozi moja ya ondansetroni ya kumeza walitapika kwa asilimia 14, ilhali waliopewa kidonge kisicho na dawa walitapika kwa asilimia 35. Waliohitaji dripu walikuwa asilimia 14 na 31 kwa mfuatano huo. Dawa ilisaidia, basi, kwa kuwa iliwawezesha watoto kunywa. Haikuchukua nafasi ya maji. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba waliopewa dawa waliharisha mara nyingi zaidi kidogo.

Dozi zilizotumika zilikuwa miligramu 2 kwa watoto wa kilo 8 hadi 15, miligramu 4 kwa waliozidi kilo 15 hadi 30, na miligramu 8 kwa waliozidi kilo 30. Dawa hufaa kwa mtoto aliyechunguzwa, asiye na dalili za hatari, ambaye ORS ya kijiko kwa kijiko imeshindikana kwa sababu ya kutapika. Hutolewa mara moja, kisha ORS ikaanza tena baada ya dakika 15 hadi 30. Kumkabidhi mzazi vidonge vya siku kadhaa hakuna faida iliyothibitishwa, na huweza kumchelewesha kurudi kituoni mtoto anayezidiwa.

Dawa hii nayo huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Isitolewe kwa mtoto mwenye tatizo la kuzaliwa la umeme wa moyo, na tahadhari iongezwe kwa mwenye utapiamlo au aliyeharisha sana, ambaye huenda potasiamu yake imeshuka. Tahadhari hiyo inamhusu pia mtoto anayetumia kwinini, mseto wa artemeta na lumefantrini au erithromaisini, ambazo nazo hugusa umeme wa moyo. Na ikiwa mtoto mwenye malaria anatapika kila dozi ya dawa ya kumeza, hiyo ni dalili ya hatari inayohitaji sindano ya malaria na kulazwa.

Kuna watoto ambao kwao dawa hizi ni sehemu halali na muhimu ya matibabu: wale wanaopata dawa za saratani na wale wanaotoka katika upasuaji. Kwa hao ondansetroni, mara nyingi pamoja na deksamethasoni, hupangwa na daktari kabla kutapika hakujaanza. Mzazi wa mtoto mwenye saratani asiziache dawa hizo kwa sababu ya tahadhari zilizotajwa hapa.

Mfano wa kujifunzia

Mtoto wa miezi 18, uzito wa kilo 10, analetwa kituoni. Tangu usiku ameharisha maji mara 6 na kutapika mara 5. Hana homa. Anasumbuka, macho yamezama kidogo, anakunywa kwa pupa, na ngozi ikifinywa inarudi polepole. Bibi yake anasema alimpa nusu kidonge cha Plasil alfajiri, akaona hakuna nafuu, na sasa anaomba sindano.

Mtoto huyu ana upungufu wa maji wa kiasi, na hana dalili ya hatari. Anahitaji mililita 750 za ORS ndani ya saa 4, zinki miligramu 20 kwa siku, na kuendelea kunyonya. Sindano ya metoklopramidi isitolewe, kwani kiwango cha juu cha siku tayari amekipata. Bibi asikemewe, alitumia alichokuwa nacho kwa nia njema, na akikemewa, safari ijayo ataficha. Aelezwe dalili za mkazo wa misuli na arudi mara moja akiziona, na mtoto aangaliwe kwa makini. Iwapo baada ya kujaribu kijiko kwa kijiko mtoto bado anarudisha, dozi moja ya ondansetroni ya miligramu 2 inaweza kufikiriwa. Baada ya saa 4 hali yake ipimwe upya ndipo iamuliwe kama arudi nyumbani, aendelee kunywa, au awekewe dripu.

Nyumbani na dukani

Mzazi anashauriwa asigawe kidonge cha mtu mzima kwa ajili ya mtoto, na asitumie dawa iliyobaki ya ndugu yake. Dawa ya maji ipimwe kwa bomba au kikombe chenye alama za mililita, kwa kuwa vijiko vya nyumbani hutofautiana ukubwa. Dawa zote zihifadhiwe mahali ambapo mtoto hafikii.

Muuza dawa anapoombwa dawa ya kukata matapishi ya mtoto, aulize umri, uzito, dalili za hatari na dawa alizokwisha kupewa. ORS na zinki viwe vitu vya kwanza kutoka mkononi mwake. Sindano isichomwe dukani. Mhudumu wa kituoni naye apime uzito kabla ya kuandika dozi, aiandike kwa miligramu na kwa mililita, na amwonyeshe mzazi kwa vitendo namna ya kunywesha ORS badala ya kumpa pakiti na maneno tu. Madhara yoyote ya dawa yaripotiwe kwa mamlaka ya dawa kupitia kituo, ili watoto wengine wakingwe.

Mzazi aliyekuja kuomba dawa ya kukata matapishi akirudi nyumbani anajua kunywesha kwa kijiko, anazijua dalili za hatari, na anajua saa ya kurudi kituoni, amepata tiba anayoweza kuitumia tena mtoto atakapougua.